Kauli na Mwenyewe: Maneno ya Watu Mashuhuri katika Mabishano ya Utoaji Mimba Marekani

Methali haina mwenyewe. Asemaye "Haraka haraka haina baraka" hamtaji aliyeitunga, wala hapana amwulizaye. Hutosha kusema kwamba ndivyo walivyonena wahenga. Lakini dhima ya kuitumia humwangukia yeye aliyeitamka. Wahenga hao hao wamesema pia "Ngoja ngoja huumiza matumbo", na hapana mtu aonaye kwamba walijikana. Kila mmoja hujua kuwa methali ni chombo, na kwamba aliyekishika ndiye wa kuulizwa kama amekitumia mahali pake. Kauli ya mtu mashuhuri haiko hivyo. Ina mwenyewe, ina siku yake na mahali pake, na anayeirudia hudai kwamba asemaye si yeye bali ni yule mwenyewe. Kwa hiyo mrudiaji hupata faida mbili kwa pamoja: hupata heshima ya jina kubwa, na hujiondolea dhima ya maana anayoikusudia.

Mabishano ya Wamarekani juu ya utoaji mimba ni mahali pazuri pa kulichungua jambo hili. Tarehe 22 Januari 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya Roe na Wade, kwa majaji 7 dhidi ya 2, kwamba Katiba ya nchi ile inailinda haki ya mwanamke ya kutoa mimba, ingawa kwa mipaka. Tarehe 24 Juni 2022, katika kesi ya Dobbs iliyotoka jimbo la Mississippi, Mahakama ile ile ikautengua uamuzi huo na kuyarudishia majimbo mamlaka ya kutunga sheria kama yapendavyo. Katika miaka 49 iliyo kati ya hukumu hizo mbili, na hata baada yake, magazeti, redio, televisheni na mitandao ya intaneti ya nchi ile yameendesha sehemu kubwa ya hoja zake kwa maneno ya watu wengine: marais, magavana, majaji na wagombea. Kinachochunguzwa hapa si uhalali au ubaya wa utoaji mimba wenyewe, jambo ambalo dini, sheria na dhamiri zina neno juu yake. Kinachochunguzwa ni jinsi kauli inavyokatwa, inavyohamishwa na kuvikwa maana ngeni, na hasara iletwayo na kazi hiyo. Wataalamu wa Kiswahili wana sababu yao ya kulitazama jambo hili, kwa kuwa habari za mabishano hayo humfikia msomaji wa Afrika ya Mashariki zikiwa zimekwisha kutafsiriwa, na mfasiri ndiye mrudiaji wa mwisho katika mlolongo mrefu.

Yafaa kuanza na kauli iliyokaribia mno kugeuka methali. Tarehe 22 Januari 1993, siku mbili baada ya kuapishwa, Rais Bill Clinton alitia sahihi maagizo kadhaa yaliyoondoa vizuizi vilivyowekwa na serikali zilizomtangulia. Siku hiyo ilikuwa ukumbusho wa miaka 20 ya hukumu ya Roe. Katika maneno yake alisema kwamba nia iwe kuiona Marekani ambamo utoaji mimba ni salama na halali, lakini nadra. Ndani ya sentensi hiyo neno lenye kazi kubwa kuliko yote ni "lakini". Neno hilo lilikiri kwamba pana mvutano: sifa mbili za kwanza zaelekea upande mmoja, na sifa ya tatu yaelekea upande mwingine. Msemaji alikuwa akiwaambia watu wa pande mbili kwamba amewasikia wote, na "lakini" ndiyo iliyokuwa daraja kati yao.

Kauli ilipozoeleka, daraja lilivunjwa. Katika ilani ya Chama cha Democratic ya mwaka 2004 sifa hizo tatu zimepangwa sawasawa na kufungwa kwa "na": salama, halali na nadra. Sikio halikwazwi tena. Maneno matatu yanafuatana kama hatua za mcheza ngoma, na mvutano uliokiriwa mwaka 1993 hausikiki. Kila msikilizaji akawa huru kuijaza sifa ya tatu apendavyo. Kwa mmoja, unadra ni matunda ya elimu na dawa za kuzuia mimba. Kwa mwingine ni matunda ya sheria kali. Kwa wa tatu ni aibu inayotupiwa mwanamke aliyekwisha kuamua. Mwaka 2008 ilani ya chama ikaliacha neno "nadra". Kisha tarehe 15 Oktoba 2019, katika mdahalo wa wagombea uliofanyika Westerville, Ohio, Tulsi Gabbard aliirudia kauli kamili na kuitaja kuwa ni ya Hillary Clinton. Ni kweli kwamba Bibi Clinton naye aliitumia, ila yafaa kuona kilichotokea: kauli imehama kutoka kwa mume kwenda kwa mke, na kutoka katika hotuba ya kufungua milango kwenda katika hoja ya kuwaonya wanachama wenzake kwamba wamevuka mpaka. Haikubadilika sana katika umbo, lakini kazi yake imebadilika kabisa.

Mfano wa pili ni wa upande wa pili, nao ni mfupi. Tarehe 21 Septemba 1980, katika mdahalo wake na John Anderson mjini Baltimore, Ronald Reagan alisema kwamba ameona kuwa kila aungaye mkono utoaji mimba amekwisha kuzaliwa. Kauli hiyo ina sifa zote za methali: ni fupi, ina mzaha, ina mgongano wa ghafula mwishoni, na hukumbukwa na aliyeisikia mara moja. Aipendaye huiona kuwa inamsemea asiyeweza kujisemea. Na hapo ina nguvu ya kweli, maana huyo asiyesema ndiye anayebishaniwa. Lakini kwa upande wa mantiki yasema machache, kwa kuwa waupingao utoaji mimba nao wamekwisha kuzaliwa, na hali kadhalika wabishanao juu ya jambo lolote chini ya jua. Zaidi ya hayo, kauli hiyo ikisimama peke yake humficha mtu aliyeisema. Mwaka 1967, akiwa gavana wa California, Reagan alitia sahihi sheria iliyoruhusu utoaji mimba kwa sababu za afya ya mama, naye baadaye akajutia jambo hilo. Wafuasi wake huyarudia maneno ya 1980, na wapinzani wake huikumbusha sahihi ya 1967. Kila upande unashika nusu ya mtu. Mtu mzima, yaani yule aliyebadili rai na kuona uzito wa kubadili, hatumiki kwa upande wowote, ijapokuwa huenda yeye ndiye angekuwa na fundisho kubwa zaidi.

Wakati mwingine sifa moja hummeza msemaji. Mnamo Agosti 2012 Todd Akin, mbunge wa Missouri aliyekuwa akigombea kiti cha Seneti, aliulizwa katika televisheni ya St. Louis kuhusu mwanamke aliyepata mimba kwa kubakwa. Alijibu kwamba ikiwa ubakaji ni wa namna fulani, mwili wa mwanamke una njia za kujaribu kuzuia mimba. Namna hiyo aliitaja kwa sifa ambayo kamusi za Kiingereza hadi Kiswahili huweza kuifasiri "halali", au "ya haki", au "ya kweli". Baadaye alieleza kuwa alikosea kusema, na kwamba alikusudia ubakaji wa kutumia nguvu. Maneno mawili ya mwanzo yalirudiwa katika kila gazeti na kila tangazo la uchaguzi, viongozi wa chama chake mwenyewe wakamtaka ajitoe, na Novemba mwaka huo Claire McCaskill akamshinda.

Hapana haja ya kumwonea huruma Akin. Kauli ilikuwa yake, naye aliisema kwa hiari. Walakini mchunguzi wa lugha hana budi kuona ni sehemu gani iliyorudiwa na ni ipi iliyoachwa. Kilichorudiwa ni ile sifa, kwa sababu iliudhi sikio. Kilichorudiwa kwa uchache zaidi ni dai lenyewe: kwamba mwili wa aliyebakwa huizuia mimba. Dai hilo ni kosa la elimu ya tiba, nalo ndilo lililokuwa na madhara katika utungaji wa sheria, kwa kuwa mtu aliaminiye anaweza kusema kwamba aliyepata mimba hakubakwa. Ghadhabu iliikamata ngozi ya kauli ikauacha mfupa. Kauli ikawa jina la mtu, na mtu akawa kitu cha kuzomewa, ilhali fundisho potofu lililokuwa ndani yake lingeweza kusemwa tena na mwingine kwa adabu zaidi na kupita.

Hila ya nne haigusi majina wala sifa, inagusa kitenzi. Tarehe 30 Januari 2019 Ralph Northam, gavana wa Virginia ambaye kwa taaluma ni daktari wa mishipa ya fahamu ya watoto, aliulizwa katika redio ya WTOP kuhusu mswada wa kulegeza masharti ya kutoa mimba katika miezi ya mwisho. Alitaja kwanza hali anazozisemea: kijusi chenye kasoro kubwa za maumbile, au kisichoweza kuishi. Ndipo akaeleza kwamba mama akiwa katika uchungu, mtoto angezaliwa, angewekwa katika hali ya starehe, angehuishwa ikiwa mama na jamaa wanataka hivyo, kisha mazungumzo yangefuata kati ya madaktari na mama. Maelezo hayo hayakupangwa vema. Aliyeulizwa ni kiongozi, akajibu kama daktari azungumzaye na madaktari, na hakusema wazi mazungumzo hayo yangekuwa juu ya nini. Upungufu huo ni wake, na mtu aliyeingiwa na hofu kwa kuyasikia hakuwa mjinga. Afisi yake ilieleza baadaye kwamba alikuwa akisema juu ya mimba zisizoweza kuleta mtoto wa kuishi au zenye kasoro kubwa.

Tarehe 5 Februari 2019, katika hotuba yake mbele ya mabaraza yote mawili ya Kongresi, Rais Donald Trump alisema kwamba gavana huyo kimsingi alikuwa amesema angemwua mtoto mchanga baada ya kuzaliwa. Hapo sharti limetoweka pamoja na hali zilizotajwa mwanzo, na mtendaji amebadilika: katika kauli ya kwanza watendaji ni mama, jamaa na madaktari; katika kauli ya pili mtendaji ni gavana. Tarehe 10 Septemba 2024, katika mdahalo wake na Kamala Harris, Trump aliirudia habari hiyo na kumtaja mwenye kauli kuwa ni gavana wa zamani wa West Virginia, ambalo ni jimbo jingine kabisa. Na "mazungumzo" sasa yamekuwa kuamua la kumfanya mtoto. Mwendesha mdahalo ilimbidi kueleza kwamba hapana jimbo katika nchi ile ambalo sheria yake inaruhusu kumwua mtoto baada ya kuzaliwa. Miaka mitano ilitosha kwa kauli kupoteza sharti, mtendaji, jimbo na mwenyewe, na hata hivyo ikaendelea kutembea kama ushahidi.

Mifano hiyo minne ina kasoro zionekanazo kwa jicho la kawaida. Mfano wa tano ni mgumu zaidi, kwa kuwa warudiaji wake walifuata kanuni za unukuzi kama zifundishwavyo vyuoni, na bado mwenye kauli akapotea. Huo ni mfano wa Ruth Bader Ginsburg.

Machi 1993, akiwa jaji wa mahakama ya rufani mjini Washington, Ginsburg alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha New York. Humo aliikosoa hukumu ya Roe. Kwa rai yake Mahakama ilikwenda mbali na kwa kasi: ingalitosha kuibatilisha sheria kali ya Texas iliyokuwa mbele yake, na kuyaacha mengine yakue polepole. Alisema kwamba hukumu ile ilisimamisha mwendo wa siasa uliokuwa ukielekea kwenye marekebisho, na hivyo ikarefusha mfarakano. Lakini ukosoaji huo ulikuwa na nusu ya pili. Alisema pia kwamba hukumu ile isingalivuta tufani kubwa namna ile kama ingalijengwa waziwazi juu ya usawa wa wanawake. Yaani hakusema kwamba nyumba haifai kuwapo. Alisema imesimamishwa juu ya msingi mwembamba, akaonyesha ulipo mwamba.

Ili kuueleza msingi huo aliikumbuka kesi ya Kapteni Susan Struck, mwuguzi wa Jeshi la Anga aliyepata mimba akiwa kazini Vietnam mwaka 1970. Kanuni za jeshi zilimtaka achague moja: atoe mimba, jambo ambalo hospitali za jeshi zilikuwa tayari kumfanyia, au aache kazi. Struck alikuwa Mkatoliki, akakataa kutoa mimba, na akakataa pia kufukuzwa. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ilikubali kuisikiliza kesi yake, lakini jeshi likabadili uamuzi wake na kesi ikakoma kabla ya kusikilizwa. Hiyo ndiyo kesi ambayo Ginsburg angalipenda itangulie: kesi ya mwanamke aliyetaka kuzaa. Kwake, serikali kumlazimisha mwanamke azae na serikali kumlazimisha asizae ni kosa moja. Katika kelele za vyombo vya habari nusu hiyo ya hoja haisikiki, kwa kuwa haimfai kikamilifu yeyote kati ya washindani.

Julai 1993, baada ya kuteuliwa na Rais Clinton kuingia Mahakama ya Juu, aliulizwa na kamati ya Seneti akajibu maneno yaliyopata sifa kubwa. Kwa Kiswahili yaweza kufasiriwa hivi: uamuzi wa kuzaa au kutozaa ni kiini cha maisha ya mwanamke, cha ustawi wake na heshima yake, ni uamuzi ambao lazima aufanye yeye mwenyewe, na serikali inapomtawalia uamuzi huo, anatendewa kama mtu asiyetimia kuwa binadamu mzima, mwenye dhima ya hiari zake.

Alifariki tarehe 18 Septemba 2020. Mwaka mmoja baadaye, siku ya ukumbusho wake, chama cha kutetea haki za raia kijulikanacho kama ACLU, ambacho yeye mwenyewe alikuwa mwanasheria wake katika miaka ya 1970, kiliyachapisha maneno hayo katika Twitter. Neno "mwanamke" lilikuwa limeondolewa, na mahali pake pamewekwa "mtu" katika mabano ya mraba. Na viwakilishi vyote vya kike vilibadilishwa vivyo hivyo. Sentensi ya kati, isemayo kwamba uamuzi ni wake mwenyewe, iliachwa na kuonyeshwa kwa nukta. Nia ilijulikana: chama kilitaka kuwaingiza watu wanaoweza kupata mimba bila kujiita wanawake. Lawama zilikuwa nyingi, na mkurugenzi wake, Anthony Romero, akaeleza majuto yake na kusema kwamba chama hakitabadili tena maneno ya watu kwa namna hiyo.

Miezi tisa baadaye ikatoka hukumu ya Dobbs, iliyoandikwa na Jaji Samuel Alito. Katika kurasa zake za mwanzo, tanbihi inanukuu mhadhara wa Ginsburg wa mwaka 1993: ile sentensi juu ya mwendo wa siasa uliosimamishwa na mfarakano uliorefushwa. Nukuu ni sahihi, na mwenyewe hakuikana rai hiyo hadi mwisho wa maisha yake. Mwaka 2013 aliisema tena mjini Chicago. Lakini hukumu hiyo hiyo inalikataa kwa maneno machache wazo la kuiweka haki hii juu ya msingi wa usawa wa wanawake, ikisema kwamba maamuzi ya zamani ya Mahakama yameufunga mlango huo. Kwa hiyo nusu moja ya mhadhara ikawa shahidi wa kubomoa nyumba, na nusu ya pili, iliyoonyesha mwamba, haikuitwa mahakamani kwa jina la mwenyewe.

Hapa pana jambo la kustaajabisha, nalo ndilo kiini cha uchunguzi huu. Rafiki na mpinzani wa Ginsburg, kila mmoja kwa sababu zake, walilifuta neno lile lile. Rafiki alimwondoa "mwanamke" ili hoja iwaenee watu wengi zaidi. Mpinzani aliuacha "usawa wa wanawake" kwa kuwa haukuwa na kazi katika hoja yake. Lakini mwanamke ndiye aliyekuwa nguzo ya fikira zake zote. Bila yeye, maneno ya Julai 1993 huwa sifa ya jumla ya uhuru wa mtu, na mhadhara wa Machi 1993 huwa lalamiko juu ya mwendo wa kasi. Kama pana tofauti kati ya wawili hao, ni kwamba mabano ya ACLU yalikuwa kovu lionekanalo: kila msomaji aliona mahali palipokatwa, akaweza kukasirika siku ile ile. Tanbihi haikuwa na kovu, maana maneno yaliyonukuliwa hayakuguswa. Msomaji wa tanbihi lazima aende mwenyewe kwenye mhadhara ndipo ajue kilichobaki huko. Usahihi wa nukuu, basi, si uaminifu. Usahihi huhesabu maneno, na uaminifu hutazama kama mwenyewe angeyatambua yalipofikishwa.

Mtu aweza kujibu kwamba hakimu hana wajibu wa kukubali dawa ya mwenzake kwa sababu tu amekubali maelezo yake ya ugonjwa. Jibu hilo ni la haki. Hapana anayelazimishwa kukubaliana na mwenye kauli katika yote. Lakini anayelitumia jina lake mahali ambapo jina lina uzito kuliko hoja ana wajibu wa kusema pale anapoachana naye. Mtumiaji wa methali hujibu mwenyewe akiulizwa kwa nini amesema "Haraka haraka" na si "Ngoja ngoja". Mtumiaji wa kauli naye ajibu vivyo hivyo.

Sasa yafaa kumgeukia mfasiri wa Kiswahili, ambaye huyapokea yote haya yakiwa yamekwisha kukatwa, kisha huyakata mara nyingine kwa kisu cha lugha yake bila kukusudia. Kwanza, tendo lenyewe lina majina kadhaa. "Kutoa mimba" hulitaja bila kuhukumu sana. "Kuharibu mimba" hubeba lawama ndani yake. "Kuavya mimba" husomwa zaidi katika magazeti ya Kenya. Na "kuharibika kwa mimba" husemwa pale ambapo hapakuwa na kusudi. Anayeweka "kuharibu" katika kinywa cha Clinton amemfanya ajilaumu. Anayeweka neno la kitabibu lisilo na ladha katika kinywa cha Reagan amemnyang'anya ukali wake. Majina ambayo pande zimejipa nayo yana mtego. "Watetezi wa uhai" ni jina lililochaguliwa na upande mmoja kwa ajili ya ushindi; na upande wa pili ukiitwa "watetezi wa uchaguzi", msomaji atadhani ni habari za kupiga kura. "Hiari" lingefaa zaidi.

Pili, katika habari ya Akin, mfasiri akiandika "ubakaji halali" amesema jambo ambalo sheria na dini zote hazilijui, na msomaji atadhani msemaji aliuruhusu ubakaji. Akiandika "ubakaji wa kweli" ameyakaribia makusudio yake lakini ameupunguza ukali uliowaudhi waliomsikia. Hapana neno moja litakaloyabeba yote mawili. Imempasa aweke moja na kuongeza sentensi ya maelezo.

Tatu, katika habari ya Northam, Kiswahili kina njia tatu. "Angehuishwa" huhifadhi sharti, lakini kwa masikio mengi humaanisha jambo lisilotazamiwa kutokea; "atahuishwa" huligeuza kuwa ahadi; "huhuishwa" huligeuza kuwa desturi ya kila siku. Mfasiri hawezi kukwepa kuchagua, na kila uchaguzi ni upande. Aidha, msemaji alitofautisha kijusi kabla ya kuzaliwa na mtoto mchanga baada yake. Mwandishi aandikaye "mtoto" mahali pote pawili amelifuta pambano lenyewe.

Nne, na hili ni la ajabu kuliko yote, maneno ya Ginsburg yakiwa katika Kiswahili hayahitaji mabano mengi ili yabadilishwe. ACLU ililazimika kugusa mahali pengi kwa kuwa Kiingereza hutenga viwakilishi vya kike na vya kiume. Kiswahili hakitengi. "Maisha yake", "heshima yake", "anatendewa", "yeye mwenyewe": haya yote ni ya mwanamke na mwanamume kwa namna moja. Jina moja tu, "mwanamke", ndilo linaloishika kauli nzima mahali pake. Likiondolewa na kuwekwa "mtu", hapana kovu litakaloonekana popote, na msomaji hatajua kwamba kitu kimeondoka. Upole huo wa sarufi, ambao katika mambo mengi ni neema, hapa ni hatari, na wajibu wa mwandishi ni mkubwa kuliko wa mwenzake wa Kiingereza.

Kanuni zitokazo katika uchunguzi huu ni chache. Anayeirudia kauli ataje siku na mahali iliposemwa, maana "nadra" ya Januari 1993 si "nadra" ya Oktoba 2019. Alihifadhi sharti kama lilikuwapo, na amtaje mtendaji kama alivyotajwa. Aseme mwenye kauli alikuwa akitaka nini, hasa pale ambapo yeye mwenyewe anataka kinyume chake. Na kama haya yote yanachukua nafasi kubwa kuliko safu ya gazeti, basi aiache kauli na aseme hoja yake kwa jina lake. Katika mabishano haya, upande mmoja unaamini kwamba unawasemea watoto ambao hawajazaliwa, na upande mwingine kwamba unawasemea wanawake ambao hawajasikilizwa. Madai yote mawili ni mazito, na uzito wake wataka wasemaji watakaobaki kusimama wanapoulizwa.